Steshenari ya Ngamiani inayokutafutia pepa: nimelipa, nimegomba, nimerudi tena

Naanza na nyota kabisa ili wenye haraka waende zao: nne kati ya tano. Ingekuwa tano kama wasingejitia kunitafsiria, na hilo la kutafsiri nitalieleza huko mbele maana mpaka leo nikilikumbuka nikiwa darasani inabidi nigeukie ubao.

Jina la duka silitaji. Kuna mahali nitawasema vibaya kidogo na sitaki ugomvi na mtu ninayepita mlangoni kwake kila siku. Iko Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye hizi barabara zetu za namba, nje kuna benchi na muuza kahawa, ndani fotokopi mbili, kompyuta tatu na feni moja inayozunguka ikijisikia. Bango lao limeandikwa wanachapa, wanabaindi, wanalamineti, halafu chini kwa rangi nyekundu: TUNATAFUTA PEPA NA SAITESHENI, yaani makala za utafiti na hesabu ya waliozitaja. Nimepita hapo mwaka mzima nikidhani ni utani.

Sasa mimi ni mwalimu wa kemia sekondari, nasoma masta huku nafundisha, yaani usiku ndio mchana wangu. Supavaiza akanipa kazi, chagua mkemia mmoja wa polima, eleza safari yake ya utafiti tangu mwanzo mpaka alipofika, halafu onyesha kazi zake zimetajwa kiasi gani na watafiti wenzake na hiyo inamaanisha nini, prezentesheni ya dakika 20. Nikachagua Krzysztof Matyjaszewski kwa sababu kila pepa ya polima niliyowahi kufungua ina jina lake sehemu, kama chumvi. Kosa langu la kwanza likawa hilo jina, kuliandika kwenye simu ya kioo kilichopasuka ni adhabu, bando nalo likakata Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nikajikuta kwenye lile benchi.

"Shikamoo ticha."

"Marahaba mdogo wangu. Eti hili bango lenu ni la kweli?"

"La kweli ticha. Andika jina hapa."

Nikaandika. Nikalikosea, niliruka j na s zikabadilishana nafasi. Dogo akaliangalia, akalitamka vizuri kuliko mimi, akasema "huyu wa ATRP?" Nikabaki mdomo wazi. Kumbe kuna wanafunzi wa vyuo wameshampitishia kazi za namna hii mpaka majina makubwa amewazoea, yeye mwenyewe aliishia kidato cha nne. Tukakubaliana elfu nane kutafuta na kupanga, kuprinti kwa hesabu yake, kazi Jumatatu jioni.

Jumatatu kazi ilikuwa tayari. Hapo nyota ya kwanza, maana hapa mjini ukiambiwa Jumatatu unauliza ya mwezi gani.

Nilichopewa ni karatasi 46 zimebaindiwa kwa spairo na jalada la plastiki. Ukurasa wa kwanza kapanga maisha ya mtu wetu kwa mistari mifupi, na nilipokwenda kuhakiki mwenyewe nikakuta hakuna alichokosea. Kazaliwa Poland mwaka 1950, PhD kaimaliza 1976 kwenye Akademia ya Sayansi ya kwao, chini ya Stanisław Penczek. Akaenda Marekani kwenye Chuo Kikuu cha Florida kwa utafiti wa baada ya PhD, mwaka 1985 akaingia Carnegie Mellon pale Pittsburgh na hapo ndipo alipopiga kambi. Miaka kumi baadaye, 1995, yeye na Jin-Shan Wang wakatoa pepa kwenye jarida la Chama cha Kemia cha Marekani wakaeleza njia ya kutengeneza polima waliyoiita ATRP (kwa Kiingereza atom transfer radical polymerization), na kuanzia hapo ni mafuriko. Tuzo ya kemia ya Wolf Prize kaipata 2011. Makala zimepita 1,000, kutajwa kumepita laki moja, na kwenye Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaalamu, h-index yake iko juu ya 200.

Kwa wasioijua hiyo h-index: ukiwa na makala 5 na kila moja imetajwa angalau mara 5, wewe h yako 5. Ukiwa na makala 100 lakini ni 3 tu zilizotajwa mara 3 au zaidi, wewe ni 3, kaa chini. Aliyeipendekeza ni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ya kwangu ni 1. Nina makala moja ya kushirikiana na imetajwa mara mbili, mara moja kati ya hizo nimeitaja mwenyewe. Kwa hiyo mtu aliye juu ya 200 ana makala zaidi ya mia mbili ambazo kila moja imetajwa mara zaidi ya mia mbili, fikiria hilo taratibu huku unakunywa kahawa.

Wakati nimekaa pale nje nasoma, mzee mmoja wa kahawa, mtu mzima kweli kweli, kofia ya kiua, akachungulia.

"Mwalimu, huyo mzungu wako anatengeneza nini?"

"Polima, mzee wangu."

"Ndio nini?"

Nikatafuta mfano wa karibu. "Sandarusi. Nailoni. Hizi kamba za bluu za wavuvi."

Akaweka kikombe chini. "Ahaa. Ndio hao waliotuua sisi." Kisha akageukia wenzake, "Jamani, mwalimu kamleta aliyeua mkonge."

Nikacheka lakini mzee hakucheka. Alikuwa korona, kiwanda cha kusindika mkonge, alisema, akianika singa, yaani nyuzi zake, tangu kijana, baba yake alikuja manamba kutoka Kigoma akafia kambini. Na kwa kweli ukiifuata historia huna cha kumjibu. Mkonge tuliletewa mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida (ndiyo, Florida ile ile alikokwenda kufanya utafiti mtu wetu, dunia hii ndogo), ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndiyo ikaanzisha mashamba unayoyaona ukitoka hapa kwenda Muheza mpaka Korogwe. Miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Halafu kule Milano mwaka 1954 Giulio Natta alikuwa ameshatengeneza polipropilini iliyonyooka vizuri, kwa vichocheo vya Karl Ziegler, wakapewa Nobel wote wawili 1963, na wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wanafungia majani makavu kwa kamba yetu wakahamia kamba ya plastiki, rahisi, haiozi. Wengine watakwambia ni utaifishaji wa 1967, wengine uongozi wa mashamba, yote yamo, ila bei ya singa iliangushwa na maabara. Uzalishaji ukaja kushuka mpaka chini ya tani 40,000.

Nikamwambia mzee, huyu siye, Natta ni mwingine. Akajibu, "Wote ukoo mmoja."

Sina la kuongeza. Turudi dukani.

Ugomvi ulianza nilipofika ukurasa wa 9. Dogo kanipangia jedwali, kutajwa kwa Matyjaszewski kwenye Google Scholar namba hii, kwenye Web of Science namba ile, kwenye Scopus namba nyingine. Hazifanani, na si kwa mamia, ni kwa maelfu na maelfu. Mimi mwalimu, nikiona majibu matatu ya swali moja najua kuna mtu kanakili vibaya. Nikaingia ndani, sauti ikapanda kidogo kuliko nilivyokusudia, nikasema mimi nimelipa elfu nane nipewe namba moja, sikuja kununua bahati nasibu. Kulikuwa na mama anafotokopi cheti cha kuzaliwa, akasogea pembeni.

Dogo hakupandisha. Akaniambia "ticha kaa," akageuza skrini.

Alichonionyesha ni hiki. Akafungua pepa ya 1995 kwenye Google Scholar, akabonyeza pale pa kuonyesha nani kaitaja, akashuka taratibu. Jarida, jarida, tasnifu ya masta ya chuo fulani, jarida, kitabu, PDF ya semina iliyoachwa kwenye tovuti ya chuo, jarida la Kichina, tena tasnifu. "Hii inazoa kila kitu kilicho kwenye intaneti kinachofanana na pepa. Ile Web of Science ina majarida yake iliyoyachagua, tasnifu yako ya masta haiioni. Kwa hiyo zote ni kweli ticha, ila hazihesabu kitu kimoja." Ni kama kuhesabu watu wa harusi, kuna anayehesabu waliopewa kadi na kuna anayehesabu sahani za pilau.

Huo mfano wa pilau ni wa kwangu lakini somo ni lake. Nikaomba radhi mbele ya yule mama, maana niligomba mbele yake. Baadaye nikasoma mwenyewe nikajua mambo yalianza mbali, Eugene Garfield ndiye aliyetoa faharasa ya kwanza kubwa ya kutajwa kwa makala za sayansi mwaka 1964, mabuku yenye maandishi ya sisimizi, na shida yake haikuwa kupanga nani mkubwa, alitaka mtu akishika pepa ya zamani aweze kufuata nani aliiendeleza. Google Scholar na Scopus zote zimekuja 2004. Na ile ya kuzoa kila kitu ina mitego yake, mwaka 2010 mtafiti wa Ufaransa Cyril Labbé alimtunga mwanasayansi hewa akamwita Ike Antkare, makala zake zote zimeandikwa na programu na hazina maana hata sentensi moja, zikatajana zenyewe kwa zenyewe, na kwa hesabu za Google Scholar akapata h-index ya 94. Tisini na nne! Mtu hayupo. Mimi nipo, nina 1.

Jambo jingine alilolifanya vizuri bila kuombwa, alitenganisha kazi zenyewe na makala za kukusanya. Moja ya zilizotajwa sana kuliko zote ni ya 2001 kwenye Chemical Reviews, Matyjaszewski na Jianhui Xia, na hiyo haina ugunduzi mpya, ni pepa ndefu inayokusanya yote yaliyofanyika kuhusu ATRP mpaka siku hiyo. Watu wanapenda kuitaja kwa sababu ukiandika "njia hii inajulikana" unahitaji mahali pamoja pa kuegemea. Dogo kaandika pembeni kwa kalamu: "hii ni ya kuegemea". Nilipokwenda kwenye prezentesheni nikatumia neno hilo hilo na supavaiza akalipenda, na mimi sikusema ni la nani, Mungu anisamehe.

Na kuna la Wang. Jin-Shan Wang ndiye jina la kwanza kwenye ile pepa ya 1995, lakini ukisikia ATRP duniani kote linalotajwa ni la bosi. Nilimwomba dogo anitafutie na profaili ya Wang, akaingia, akakaa kimya, akaniambia "ticha, Wang ni kama Juma." Kweli, skrini nzima Wang, wa polima, wa samaki, wa madaraja. Tukaiacha. Huyu wetu jina lake ni mateso kuliandika lakini hachanganywi na mtu, na nadhani kwa biashara hii ya kuhesabiwa hilo nalo ni mtaji.

Wapo na wengine waliokuwa njia moja. Mitsuo Sawamoto na wenzake kule Kyoto walitoa ya kwao mwaka huo huo 1995, wakitumia rutheni badala ya shaba. Waaustralia wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali yao, wakaja na njia yao ya RAFT mwaka 1998, na mmoja wao, San Thang, alifika Australia akiwa mkimbizi kutoka Vietnam. Dogo hawa aliwapa nusu ukurasa tu. Ningependa zaidi, ila elfu nane ni elfu nane.

Sasa mabaya.

La kwanza ni michoro. Kurasa zenye mchoro wa namna ATRP inavyofanya kazi zimetoka nyeusi tii, mishale imemezwa, shaba I na shaba II huwezi kuzitofautisha na doa la wino. Nililalamika, wakasema tona inaisha. Sasa kama tona inaisha si useme kabla mteja hajalipa? Kurasa sita hizo nimezilipia bei kamili na hawakurudisha hata mia. Ikabidi nichore upya kwa mkono kwenye manila, na kwa bahati hapo ndipo nilipoielewa ile kemia vizuri, maana kuchora hakukuachii ujanja.

Iko hivi. Ukitengeneza polima kwa radikali huria, vipande vya molekuli vinavyotafuta cha kushika, kwa njia ya kawaida, minyororo inaanza kwa fujo, mmoja unakimbia unarefuka, mwingine haujafika popote unagongana na mwenzake wote wanakufa, mwisho una mchanganyiko wa mirefu na mifupi na huwezi kuamua chochote. Kwenye ATRP kila mnyororo umevalishwa kofia ya halojeni, tuseme bromini, ukiwa na kofia umelala. Shaba inakuja inaivua, mnyororo unaamka, unaongeza vipande viwili vitatu, shaba inarudisha kofia, unalala tena. Wakati wowote ule karibu wote wamelala, walio macho ni wachache mno, kwa hiyo ni nadra wawili walio macho wakutane wauane. Wanafunzi wangu niliwaambia wawafikirie bibi zao wanasuka ukili barazani, bibi ishirini, na kuna mtu anapita anamgusa mmoja, "suka miyaa miwili, weka chini," anamgusa mwingine, "suka miwili, weka chini." Jioni kili zote ishirini zina urefu unaokaribiana. Na kwa kuwa yule aliyelala hajafa, kesho unaweza kumletea miyaa ya rangi nyingine akaendelea pale pale alipoishia, ndio unapata polima yenye vipande vya aina mbili kwenye mnyororo mmoja. Darasa zima likasema aaah. Watu wanaitaja kazi hii kwa sababu hiyo, mtu yeyote mwenye maabara ya kawaida anaweza kuifanya, haidai vitu vya ajabu, na imeingia kwenye rangi, gundi za kuzibia, vipodozi. Mwanzoni shaba iliyotumika ilikuwa nyingi mno inabaki kwenye polima, baadaye wakaipunguza mpaka sehemu chache kwa milioni, wakitumia vitu kama vitamini C kuirudishia nguvu. Vitamini C jamani, machungwa ya Muheza.

La pili ni tafsiri, na hapa ndipo nyota ilipoanguka. Niliomba muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili ili niwasomee wanafunzi. Dogo, sijui alichoka au umeme ulikuwa unakaribia kukata, akaupitisha kwenye programu ya kutafsiri akauprinti bila kuusoma. Nanukuu kutoka kwenye karatasi ninayoishika sasa hivi: "upolimishaji wenye siasa kali wa uhamisho wa atomu". Siasa kali! Yaani radical ya kemia imegeuzwa radical ya siasa. Mistari miwili chini yake: "minyororo iliyo hai inauawa na wenye siasa kali wengine." Na mwisho kabisa mtu wetu anatajwa kuwa "kiongozi wa siasa kali zilizodhibitiwa". Ingekuwa nimeisoma mbele ya darasa bila kuipitia, ningekuwa naandika haya nikiwa nimehojiwa. Niliporudi nayo dogo aliisoma kwa sauti, akaanza kucheka, yule muuza kahawa akaingia kuuliza kuna nini, tukacheka watatu mpaka machozi, halafu akanirudishia elfu moja na mia tano bila kuombwa. Kwa hiyo hapo wamejirekebisha, ila onyo langu ni hilo, kitu chochote cha Kiswahili fanya mwenyewe.

La tatu ni dogo dogo, benchi lina msumari. Sketi yangu ya kazini ni shahidi.

Prezentesheni ilikwenda vizuri, sitawachosha nayo. Swali gumu lilitoka kwa mwanafunzi mwenzangu mmoja, akauliza kama kutajwa ndiyo kipimo basi vipi Wallace Carothers, aliyetoa nailoni pale kampuni ya DuPont mwaka 1935 akafariki 1937 akiwa na miaka 41, makala zake haziwezi kufika popote karibu na 1,000, lakini nailoni iko kwenye kila nyumba. Nikamwongezea na Hermann Staudinger, aliyesema mwaka 1920 kwamba vitu kama mpira ni molekuli ndefu mno za kuungana, wakubwa wa kemia wakamwona anaota, Nobel ikamfikia 1953. Nikasema hizi namba za kompyuta zinampima vizuri mtu wa zama zenye majarida mengi na watafiti wengi, anayeandika sana, kwenye fani pana, na Matyjaszewski ana vyote vitatu juu ya kuwa na kitu kizuri chenyewe. Supavaiza akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa usingizi, ilikuwa saa nane mchana.

Lakini yule mzee wa korona hakunitoka kichwani. Wiki iliyofuata nikarudi dukani na kazi ya pili, ya kwangu mwenyewe, siyo ya chuo. Nikamwambia dogo nitafutie namba: 11648.

"Namba ya nini ticha?"

"Ya mkonge."

Kwa wasiojua, hiyo ni mbegu chotara iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, hapo Muheza, ukipanda daladala si mbali. Inatoa majani mengi kuliko mkonge wa zamani kabla haijatoa mlingoti, na ndiyo inayolimwa sana hapa kwetu. Nilitaka nione kama dunia inaijua.

Dogo akaandika 11648 na jina la mkonge la kisayansi, akabonyeza. Zikashuka. Moja, mbili, ukurasa, ukurasa mwingine, na karibu zote za Wachina. Jeni za 11648, ugonjwa wa kuoza kwenye 11648, singa za 11648 kwenye plastiki. Kumbe China ndiyo mbegu yao kuu. Dogo akasema "hee ticha, hii mbegu inatajwa kama mzungu wako." Nikamwambia bonyeza tuone wanamtaja nani aliyeizalisha. Tukafungua tano, tukaenda mwisho kwenye marejeo. Namba ipo kila sentensi. Pale pa kueleza imetoka wapi wanaandika Afrika Mashariki basi, wanaendelea na jeni zao, na hao wa Mlingano waliokuwa wanapiga poleni kwa mkono juani na kusubiri miaka mkonge utoe maua ili wajue wamepata nini, kwenye hizo tano hatukuwaona. Hakuna profaili, hakuna h. Nikamwomba aniprintie orodha, kurasa nne, nikamlipa, na safari hii tona ilikuwa mpya.

Nilitoka nazo nikamkuta mzee benchini, nikamwonyesha. Hasomi Kiingereza wala Kichina lakini namba aliiona. Akaweka kidole juu yake akakiburuza chini kwenye karatasi, kila mahali ilipotokea anakisimamisha. "Hii naijua," akasema. "Hii nimeikata mimi."

Basi, kwa wanaotaka kwenda: nendeni asubuhi kabla ya saa nne, mchana wanafunzi wanajaa na feni haiwatoshi. Muulizeni yule dogo mwembamba, siyo yule wa fotokopi, yule wa fotokopi atakwambia ndiyo kwa kila kitu. Kubalianeni bei ya kutafuta mbali na ya kuprinti mbali. Chungulia tona. Jina la mtu unayemtafuta andika kwa herufi kubwa, na kama ni Wang jiandae. Kadi ya mkopo hawana, wanapokea pesa mkononi na kwa simu. Ukikaa benchini kaa upande wa kushoto. Flashi yangu nimeisahau kwenye kompyuta ya katikati, ina kava la kijani, anayekwenda kesho aniambie kama bado ipo.